Pompi bila pistoni: historia ya hewa inayosukuma maji, asidi na dawa



Leo naomba nafasi kidogo kwa kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amekiona kwa macho, lakini silabusi nyingi zinakipita kwa mistari miwili: kutoa kitu cha majimaji ndani ya chombo kwa nguvu ya hewa tu. Hakuna pistoni inayoingia ndani ya maji, hakuna gurudumu linalozunguka. Unafunga chombo vizuri, unaingiza hewa kwa juu, na maji yanatafuta njia ya kutoka kupitia tiyo inayofika mpaka chini. Pompi ndogo ya kupulizia dawa, ile unayojaza hewa kwanza ndipo unapuliza, inafanya kazi hivyo. Na katika miji yetu kuna watu wanaotoa mafuta ndani ya pipa la chuma la lita 200 kwa hewa ya kompresa ya kujazia magurudumu. Hao hasa njo walionifanya niandike, na nitafika kwao.

Mimi nimesoma agronomia, si poli. Wenzangu wa poli watanisahihisha wakitaka. Lakini nikifuata historia ya jambo hili, naona kitu kimoja kinarudi kila karne. Watu hawakuchagua hewa kwa sababu ni rahisi kuliko pompi. Walichagua hewa pale maji yenyewe yalikuwa yanakula pompi, au pale palikuwa pabaya sana kwa kuweka mashine. Na kila mara ugumu haukuisha, ulihama tu: ulitoka kwenye pompi ukaenda kwenye chombo. Chombo njo kinakuwa mashine.

Tuanze Misri, kwa kinyozi. Karne ya 3 kabla ya Kristo, kule Alexandria, kulikuwa na kijana anaitwa Ktesibios, mtoto wa kinyozi. Vitruvius, Mroma aliyeandika juu ya ujenzi na mashine, anasimulia kwamba kijana huyo alitaka kutundika kioo katika saluni ya baba yake, kioo kinachopanda na kushuka bila mtu kuona kamba. Alificha kamba na kipande cha risasi ndani ya bomba jembamba. Risasi iliposhuka haraka, hewa ya ndani ya bomba ilikosa nafasi, ikatoka kwa nguvu na kulia. Watu wengine wangecheka na kuendelea kunyoa. Yeye aliona kwamba hewa ni kitu, kwamba inabanwa, na kwamba ikibanwa inasukuma. Kutoka hapo alitengeneza pompi ya maji ya silinda mbili na kinanda kinachopigwa kwa hewa na maji. Vitabu vyake vimepotea vyote, tunamjua kupitia wengine.

Mmoja wa hao wengine ni Heron, wa Alexandria pia, karne ya 1 baada ya Kristo. Katika kitabu chake juu ya nguvu za hewa anaeleza vyombo vingi sana, vingine vya kuchezea, vingine vya hekalu. Jina lake limebaki hasa kwenye chemchemi moja, na ninaomba muielewe vizuri, maana mambo mengi ya mbele yanatoka humo. Kuna sahani ya wazi juu, na vyombo viwili vilivyofungwa chini yake: cha katikati kimejaa maji, cha chini kabisa kimejaa hewa. Maji ya sahani yanashuka kwa tiyo mpaka chombo cha chini. Yakiingia, yanabana hewa iliyoko humo. Hewa inapanda kwa tiyo ya pili mpaka juu ya maji ya chombo cha katikati. Maji hayo hayana pa kwenda ila tiyo ya tatu, basi yanaruka juu, yanapita hata usawa wa sahani.

Ukiona mara ya kwanza unasema ni uchawi, maji yanapanda kuliko yalikotoka. Si uchawi. Maji yanayoruka si yale yaliyoshuka. Yale ya juu yametoa nguvu yao kwa kushuka, hewa imebeba nguvu hiyo, imewapa maji mengine. Chombo cha katikati kikiisha, mchezo umeisha. Kwa chupa tatu za plastiki na tiyo za seramu za hospitali unaweza kuitengeneza mchana mmoja, na wanafunzi wa sekondari hawataisahau.

Kwa karibu miaka 1700 chemchemi hiyo ilibaki mchezo wa matajiri na wa walimu. Aliyeigeuza kuwa kazi alikuwa mtu wa migodi.

Mji wa Banská Štiavnica uko leo Slovakia. Karne ya 18 ulikuwa upande wa ufalme wa Hungaria, chini ya nyumba ya Habsburg, na Wajerumani waliuita Schemnitz. Ulikuwa unatoa dhahabu na fedha, na ulikuwa na adui mmoja: maji. Wale walioona machimbo yetu ya Kivu wakati wa mvua wanajua ninachosema. Ukichimba chini unakutana na maji, na usipoyatoa usiku na mchana, mgodi unakufa. Ng'ambo ile walikuwa wametumia watu, farasi, magurudumu ya maji, na pompi za miti zenye ngozi ndani. Maji ya mgodi yana mchanga, na mara nyingi yana uchachu wa madini. Ngozi inachakaa, miti inaoza, na fundi lazima ashuke kwenye giza kutengeneza pompi iliyozama. Serikali iliona tatizo ni kubwa kiasi cha kufungua shule ya migodi hapo mwaka 1735, moja ya shule za kwanza za namna hiyo Ulaya. Yaani maji ya mgodi yamechangia kuzaa ualimu wa injinia.

Hapo akatokea József Károly Hell, aliyezaliwa mwaka 1713 katika familia ya mafundi wa mashine za migodi. (Ndugu yake Maximilian alikuwa padri Mjezuiti na mkuu wa kituo cha nyota cha Vienna. Familia haikuwa na uvivu.) Mwaka 1753 alijenga mashine ambayo ni chemchemi ya Heron iliyonyooshwa ndani ya mlima. Juu mlimani kulikuwa na maji ya kutosha, kwa sababu sehemu hiyo ilikuwa na mabwawa yaliyochimbwa kwa ajili ya magurudumu. Maji hayo yalishuka kwa tiyo mpaka chombo kikubwa chenye nguvu, yakabana hewa iliyokuwa humo. Hewa ikashuka kwa tiyo nyingine mpaka chombo cha pili kilichowekwa chini kabisa, ndani ya maji ya mgodi. Maji mabaya yakasukumwa juu kwa tiyo ya tatu mpaka njia ya kutokea. Kisha fundi anafunga robine hizi, anafungua zile, hewa inatoka, vyombo vinajaa upya, na kazi inaanza tena.

Angalieni alichofanya hasa. Chini, pale pabaya, hakuna mashine yoyote. Kuna chombo, vali na tiyo. Kila kinachohitaji mkono wa mtu kiko juu, kwenye hewa safi na mwanga. Kwangu mimi hilo ni wazo kubwa kuliko nguvu yenyewe ya mashine. Na hesabu ni ya kila siku: kila mita 10 za urefu wa maji zinatoa karibu bari 1 ya presio. Ukiwa na mlima na maji, una kompresa tayari, bila petroli.

Mashine hiyo iliwapa wageni kitu kingine ambacho hawakukitegemea. Fundi alipofungua robine ya kutoa hewa iliyobanwa, ilitoka na theluji. Ndani ya mgodi, hata wakati wa joto, vipande vya barafu viliganda mdomoni mwa robine. Mwaka 1788 daktari Mwingereza Erasmus Darwin, babu yake yule Charles Darwin munayemjua, alitumia theluji ya Schemnitz kama ushahidi kwamba hewa inayopanuka inakuwa baridi. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mwaka 1851, daktari John Gorrie wa Florida alipata hati ya mashine ya kutengeneza barafu kwa kubana hewa na kuiachia, kwa sababu alitaka kupoza vyumba vya wagonjwa wa homa. Mtu anatafuta kukausha mgodi, njiani anaacha mlango wa friji wazi.

Karibu na wakati huo, mwaka 1797, mtu mwingine wa migodi, Carl Emanuel Löscher wa Freiberg, Ujerumani, alieleza njia ambayo ni rahisi zaidi. Usifunge chombo hata kidogo. Shusha tiyo wazi ndani ya maji, na upulize hewa chini yake. Mapovu yanachanganyika na maji yaliyomo ndani ya tiyo, mchanganyiko unakuwa mwepesi kuliko maji ya nje, na maji ya nje yanausukuma upande. Hapa hakuna hata vali. Mchanga ukiingia, upite tu. Visima vya maji na vya petroli vimetumia njia hiyo mara nyingi.

Niache barabara kidogo, maana sisi wa Goma na Bukavu tunaishi juu ya mfano mkubwa wa jambo hili. Maji ya chini ya ziwa Kivu yana gesi nyingi iliyoyeyuka, metani na gesi ya kaboni, na inabaki humo kwa sababu uzito wa maji ya juu unaibana. Ukishusha tiyo mpaka mita zaidi ya 300 na kuanza kuvuta kwa pompi, maji yakipanda kidogo presio inapungua, gesi inaanza kutoka kama mapovu unapofungua chupa ya soda, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na kuanzia hapo maji yanajipandisha yenyewe. Unaweza kuondoa pompi. Ng'ambo ya Rwanda, kiwanda cha bia cha Gisenyi kilitumia gesi iliyotolewa hivyo tangu miaka ya 1960, na mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 unatoa umeme tangu mwaka 2016. Kameruni walitumia njia hiyo kwa kuokoa watu: ziwa Nyos lilitapika gesi tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu karibu 1,700, na mwaka 2001 waliweka tiyo ya karibu mita 200 ambayo ikaanza kurusha maji juu ya ziwa makumi ya mita, bila mota, ili gesi itoke polepole. Ni pompi ya Löscher, tofauti ni kwamba ziwa lenyewe limebana gesi.

Turudi Ulaya. Karne ya 19 hewa iliyobanwa ilitoka katika migodi michache ikaenda kila mahali. Karibu mwaka 1840, mhandisi Mfaransa Jacques Triger alitaka kufika kwenye makaa ya mawe chini ya mchanga wa mto Loire, na maji ya mto yalikuwa yanaingia kila alipochimba. Alifunga bomba kubwa la chuma kwa juu, akaingiza hewa, na maji yakasukumwa nje kwa chini. Wafanyakazi waliingia humo kupitia chumba kidogo chenye milango miwili. Ilifaulu. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba kuna waliotoka na maumivu makali ya viungo. Baadaye, kwenye misingi ya madaraja makubwa, ugonjwa huo uliua watu kabla ya madaktari kuelewa kwamba mtu aliyekaa ndani ya hewa iliyobanwa hapaswi kutoka haraka. Yaani hapa binadamu alikuwa ndani ya chombo pamoja na hewa. Halafu handaki la Mont Cenis, kati ya Ufaransa na Italia, lililofunguliwa mwaka 1871, lilitobolewa kwa mashine za hewa, na kompresa za kwanza za Germain Sommeiller zilibana hewa kwa uzito wa maji yanayoshuka mlimani. Hell angezitambua mara moja.

Sasa nifike kwenye sehemu inayotuhusu sisi wa agro, ingawa hakuna aliyenionyesha nilipokuwa katika oditwari.

Asidi ya sulfuriki ilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1746, Birmingham, pale John Roebuck alipoacha chupa za kioo akajenga vyumba vilivyozungushiwa risasi. Risasi inavumilia asidi hiyo. Baadaye wakemia walitafuta namna ya kutopoteza gesi za nitrojeni zinazosaidia kazi. Gay-Lussac alipendekeza mnara mwaka 1827: asidi inamiminwa juu, gesi zinapanda kutoka chini, zinakamatwa. Mwaka 1859 Mwingereza John Glover aliongeza mnara wa pili wa kuzirudisha. Kila kiwanda kikubwa kikawa na minara miwili, na kila mnara unataka asidi juu kabisa, kila siku, bila kukoma.

Nani atapandisha asidi hiyo? Pompi ya pistoni ina vitu vinavyosuguana na ngozi au kamba za kuziba. Asidi inavila. Kubeba kwa ndoo kwenye ngazi, hata kufikiria ni vibaya. Jibu lilikuwa yai. Kwa kweli liliitwa hivyo, yai la asidi, kwa sababu lilikuwa chombo cha chuma kizito chenye umbo la yai. Wafaransa walikuwa na ndugu yake katika viwanda vya sukari, wakakiita kipandisha-juisi. Wale wa Uvira na Kiliba wanaojua juisi ya muwa inavyonata wataelewa kwa nini. Asidi inaingia yenyewe kwa kushuka. Mfanyakazi anafunga njia ya kuingilia, anafungua hewa ya kompresa, asidi inapanda kwa tiyo iliyofika mpaka chini ya yai. Ikiisha, anaachia hewa, anajaza tena. Kwa asidi kali chuma chenyewe kinavumilia, kwa asidi iliyochanganywa na maji mengi wanaweka risasi ndani.

Tupige hesabu. Asidi ni nzito kuliko maji. Tuchukue uzito mara 1.7. Kuipandisha mita 15 ni sawa na kupandisha maji mita 25 na nusu, yaani bari 2.5 na kidogo, bila kuhesabu msuguano wa tiyo. Si nyingi. Lakini bari hizo ziko ndani ya chombo kilichojaa kitu kinachochoma ngozi na macho, na mtu amesimama pembeni na mkono kwenye robine. Tena kila mzunguko, asidi ikiisha, yai limejaa hewa iliyobanwa kwa pesa, na hewa hiyo inatupwa angani. Kwa matumizi ya nguvu, yai ni mashine mbaya. Wenye viwanda walijua, na walilitumia kwa muda mrefu hata vile, kwa sababu ndani yake hakuna kitu cha kuchakaa.

Kwa nini linatuhusu? Mwaka 1842 John Bennet Lawes alipata hati ya mbolea inayotengenezwa kwa kumwagia asidi ya sulfuriki juu ya mifupa na mawe ya fosfati, na mwaka uliofuata alifungua kiwanda chake Deptford, karibu na London. Ndiyo, Lawes yule wa Rothamsted, shamba la majaribio tunalolitaja kila mwaka kwenye mitihani. Superfosfati ni mlaji mkubwa wa asidi. Tunaposoma kwamba mbolea za kiwanda zilibadilisha kilimo cha Ulaya, tunakumbuka majina ya Liebig na Lawes. Hatukumbuki mfanyakazi aliyejaza na kumwaga yai mara kadhaa kwa siku. Na kwetu, kiwanda cha Shituru kule Likasi, kilichoanza mwaka 1929, kinatumia asidi hiyo hiyo kuyeyusha shaba kutoka kwenye mawe. Asidi ya sulfuriki si jambo la wazungu wa zamani tu.

Leo mayai yamebaki machache. Vyuma visivyoliwa na asidi na plastiki vimeruhusu pompi za kawaida kurudi. Tena mwaka 1955 Mmarekani Jim Wilden alitengeneza pompi ambayo hewa inasukuma ngozi mbili za mpira, moja huku na moja kule, na maji yako upande wa pili wa ngozi. Hewa haigusi maji tena. Utazikuta kwenye migodi na viwanda vya rangi, zinapiga tak-tak-tak siku nzima. Ni wazo la yai, ila chombo kimekuwa kidogo na kinajaa haraka haraka.

Shambani hadithi ilipita njia yake. Ugonjwa wa mildiu uliingia katika mizabibu ya Ufaransa mwaka 1878. Millardet, profesa wa Bordeaux, aliona mwaka 1882 kwamba mizabibu ya kando ya barabara, iliyomwagiwa salfeti ya shaba na chokaa ili wezi waogope kula zabibu, ilikuwa imebaki na majani mazima. Mwaka 1885 alitangaza dawa yake, ile tunayoiita buyi bordelezi. Kwanza waliirushia kwa fagio ndogo. Fikirieni hekta nzima kwa fagio! Haraka sana wafua vyuma wa vijijini walianza kutengeneza vyombo vya kubeba mgongoni, na ya Victor Vermorel wa Villefranche ilipata jina kubwa. Ilikuwa na mkono wa kupiga huku unatembea. Familia ya pili ni ile ya kujaza hewa kwanza, halafu unatembea mikono huru.

Wakulima wengi wa viazi niliofanya nao kazi upande wa Kabare wanapenda hii ya pili kwa sababu haichokeshi. Lakini hapa sheria ya Boyle, ya mwaka 1662, ile katika silabusi zetu inaitwa ya Boyle na Mariotte, inadai chake. Chukua chombo cha lita 10, umeweka dawa lita 6, hewa ina lita 4. Unapiga mpaka bari 3 juu ya hewa ya kawaida, yaani bari 4 kamili. Ukishapuliza lita 4 za dawa, hewa ina nafasi ya lita 8, mara mbili. Presio imeshuka nusu, bari 2 kamili, ambayo ni bari 1 tu juu ya hewa ya nje. Nguvu inayosukuma dawa imebaki theluthi moja! Kiasi kinachotoka kwa dakika kimeshuka karibu kufika asilimia 58 ya mwanzo, na matone yamekuwa makubwa, yanateleza kwenye jani. Mistari ya kwanza ya shamba imekunywa dawa vizuri, ya mwisho imelowa tu. Mkulima anaona mildiu imerudi upande mmoja, anasema dawa ni ya uongo, au jirani amemroga. Dawa labda ni nzuri. Alipaswa kusimama katikati na kupiga hewa tena, na kutojaza dawa kupita alama, maana bila nafasi ya hewa hakuna kinachosukuma.

Sasa yale mapipa.

Nimeona mara tatu, katika depo tofauti ambazo sitazitaja, mtu anaweka mdomo wa kompresa kwenye tundu dogo la pipa la lita 200, anaziba kwa kitambaa au mpira, na mafuta yanatoka kwa tiyo kwenye tundu kubwa. Ni haraka kweli. Ni yai la asidi, limezaliwa upya bila mtu kujua. Lakini yai lilikuwa chuma kizito cha mviringo, na umbo hilo si urembo: mviringo unagawa nguvu sawasawa. Pipa ni bati jembamba lenye vifuniko bapa viwili. Kifuniko kina upana wa karibu sentimita 57, yaani eneo la robo ya mita ya mraba. Kwa bari moja tu, hewa inakisukuma kwa nguvu ya uzito wa tani 2 na nusu. Ni jipu nzima imeegemea kifuniko, na kompresa ya magurudumu inafika bari 8.

Tangu mwaka 1679 Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa London, alipoonyesha sufuria yake ya kupikia kwa mvuke uliofungwa, alikuwa amefikiria supape ya usalama: kijiwe cha uzito kinachoinuka chenyewe presio ikizidi. Kila mama mwenye sufuria ya presio jikoni ana supape hiyo. Pipa la depo halina. Na viwanda vinapojaribu chombo kipya kama kinavumilia, vinakijaza maji, si hewa. Maji hayabanwi karibu hata kidogo. Chombo kikipasuka kikiwa na maji, kinachanika, maji yanamwagika, mnaokota vipande. Kikipasuka na hewa, kila nguvu uliyoiweka humo kwa dakika tano inatoka kwa mara moja, na kifuniko kinaruka. Kadiri pipa linavyoisha mafuta, hewa inavyozidi kuwa nyingi ndani, njo vile hatari inavyokua, ingawa mfanyakazi anaona kazi inakaribia kuisha na anasogea karibu kutazama. Kama ni petroli, ongeza kwamba umechanganya mvuke wa petroli na hewa ndani ya chuma, na kinakosekana cheche tu.

Niliulizwa na wengine: sasa tufanye nini, maana pompi ya umeme ni ghali na umeme haupo? Kwa mazuti na mafuta ya mawese, pompi ya mkono ya kuzungusha inayofungwa kwenye tundu kubwa inatoa pipa zima bila presio yoyote ndani. Kwa petroli lazima iwe iliyotengenezwa kwa petroli. Kama hata hiyo haipatikani, funga robine kwenye tundu, mulilaze pipa juu ya kitanda cha mbao nzito kwa watu wanne, na tundu dogo liwe juu, limelegezwa ili hewa ya kawaida iingie. Mafuta yatashuka yenyewe kwenye bidoni.